Sheria za kuzuia boti za tiketi: zinakataza nini hasa, na muuzaji aandike nini ili zimsaidie?

Mlango_B

Habari wakuu. Swali hili ni la sheria na ufundi kwa pamoja. Boti ninazozizungumzia ni programu za kununua tiketi, si vyombo vya majini.

Mfumo wa kuuza tiketi mtandaoni uko karibu kufunguliwa, na matukio yatakuwa Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya. Kwenye masharti ya mauzo kuna sentensi moja tu: "Ni marufuku kutumia boti." Wakili aliyeyapitia anasema inatosha kwa sababu sheria zipo tayari. Mhandisi anasema sentensi hiyo haizuii hata nzi.

Ninachotaka kujua ni hiki. Sheria zinakataza boti yenyewe au kitu kingine? Kikomo cha tiketi kwa kila mnunuzi kiandikweje ili kiwe na nguvu? Mfumo uhifadhi kumbukumbu gani ili siku mlanguzi akifikishwa mbele ya sheria ushahidi usikosekane? Na mtu anayeajiri vijana ishirini wenye akaunti ishirini, wanaobofya kwa mkono bila programu yoyote, naye anaguswa?

kanuni_na_kikomo

Mhandisi yuko sahihi. Wakili amesoma jina la sheria, vifungu kaviruka.

Sehemu kubwa ya sheria hizi hazigusi boti kwa kuwa ni boti. Zinakataza kukiuka au kukwepa kikomo, kizuizi au utaratibu ambao muuzaji mwenyewe ameuweka. Kama hukuweka chochote, hakuna kilichokiukwa.

Tuanze na Marekani. Sheria ya BOTS ilisainiwa tarehe 14 Desemba 2016. Inakataza kukwepa ulinzi, udhibiti wa kuingia au kizuizi kingine cha kiteknolojia ambacho mtoa tiketi anakitumia kwenye tovuti yake kwa ajili ya mojawapo ya mambo mawili: kusimamia kikomo cha ununuzi kilichotangazwa, au kulinda kanuni zilizotangazwa za zamu ya kununua. Angalia neno "tangazwa" linavyorudi mara mbili. Kikomo kilichojificha kwenye msimbo wa seva, ambacho mnunuzi hakukiona popote, kinampa mtetezi wa mlanguzi pa kuanzia.

Sheria hiyo hiyo inamgusa pia anayeuza tiketi zilizopatikana kwa njia hiyo, endapo alishiriki moja kwa moja, alikuwa na uwezo wa kudhibiti kilichofanyika, au alijua au alipaswa kujua. Inahusu matukio ya wazi kwa umma, kwenye ukumbi wenye uwezo wa kuchukua watu zaidi ya 200. Hesabu ni ya uwezo wa ukumbi. Idadi ya tiketi zilizouzwa haihusiki. Ukiuza tiketi za chumba cha viti 150, sheria hii haikuhusu kabisa, hata boti ikizikomba zote. Wanaoisimamia ni Tume ya Biashara ya Shirikisho, yaani FTC, pamoja na wanasheria wakuu wa majimbo. Haimpi mwandaaji wala shabiki haki ya kufungua kesi yake mwenyewe, kwa hiyo kazi yako ni kuandaa ushahidi ambao wengine wataubeba.

Uingereza wameandika tofauti. Kanuni zao zilianza kutumika tarehe 5 Julai 2018, chini ya kifungu cha 106 cha Sheria ya Uchumi wa Kidijitali ya 2017. Kosa lina miguu mitatu: kutumia programu iliyoundwa kuwezesha au kurahisisha hatua yoyote ya kununua tiketi ya burudani, michezo au utamaduni, nia ya kupata tiketi kupita kikomo cha mauzo, na lengo la mtu yeyote kupata faida ya fedha. Ukiondoa mguu mmoja, kosa linaanguka. Ni kosa la jinai, na England na Wales faini yake haina ukomo. Mtu akiwa nje ya nchi wakati wa kununua haimsaidii kitu: tukio likiwa Uingereza, kanuni zinamfuata.

Umoja wa Ulaya haukutunga kosa jipya la jinai. Agizo la 2019/2161 liliongeza nukta ya 23a kwenye orodha nyeusi ya mienendo isiyo halali ya kibiashara, na nchi wanachama zilitakiwa kuitumia kuanzia 28 Mei 2022. Kinachokatazwa ni mfanyabiashara kuwauzia walaji tiketi alizozipata kwa njia ya kujiendesha iliyokwepa kikomo cha idadi au kanuni nyingine za ununuzi. Kununua kwenyewe hakumo. Kosa linaanza pale anapoziuza tena.

Sasa pima mfano mmoja: shabiki ameandika programu ndogo inayoruka foleni na kumnunulia tiketi moja ya kwake. Uingereza hakuna kosa, maana kikomo hakikupitwa na hakuna faida. Ulaya hakuna kosa, maana hauzi. Marekani, akiwa amekwepa kizuizi kinacholinda utaratibu wa zamu uliotangazwa, maandishi ya sheria yanamfikia. Hakuna atakayemfuatilia, lakini ndivyo maneno yalivyo.

Kuhusu vijana ishirini nitarudi, hilo linahitaji nafasi yake.

foleni_ndefu

Nimsaidie mhandisi. Neno "kikomo" linaonekana jepesi mpaka uliweke kwenye hifadhidata. "Tiketi 4 kwa kila mtu." Mtu ni nani kwa mfumo? Akaunti? Kadi? Namba ya simu? Anwani? Na nne za nini: kila agizo, kila onyesho, au ziara nzima? Masharti yakisema "kwa kila agizo", mlanguzi anayetoa maagizo 200 ya tiketi nne nne hajavunja chochote, na hapo wakili wako atakosa la kusema.

Andika hivi au karibu na hivi: "Tiketi zisizozidi 4 kwa kila mnunuzi kwa kila onyesho. Maagizo yenye akaunti, kadi ya malipo, namba ya simu, barua pepe au anwani inayofanana, au yaliyofanywa kwa maelekezo ya mtu mmoja, yatahesabiwa kuwa ya mnunuzi mmoja." Iweke sehemu mbili: ukurasa wa tukio, kabla ya mauzo kufunguliwa, na tena hatua ya mwisho kabla ya kulipa. Na kila onyesho libebe kikomo chake mwenyewe, maana siku ya pili ikiongezwa ghafla, watu huanza kubishana kama nne za jana zinahesabiwa.

Halafu kikomo kitekelezwe kwenye seva. Makosa ninayoyaona mara kwa mara kwenye mifumo ni haya:

Hesabu inasomwa wakati wa kuingiza tiketi kikapuni, halafu hairudiwi wakati wa kulipa. Boti inafungua vipindi vinne kwa wakati mmoja, kila kimoja kinasoma "amenunua 0", kila kimoja kinaruhusiwa 4. Umeuza 16. Tiba: funga rekodi ya mnunuzi wakati wa kuhesabu, jumlisha zilizolipiwa na zilizoshikiliwa kikapuni, kisha hakiki tena ndani ya muamala ule ule unaokata fedha.

Barua pepe zinalinganishwa herufi kwa herufi. Gmail haijali nukta kwenye jina, na inapuuza chochote baada ya alama ya kujumlisha, hivyo sanduku moja linazaa anwani mamia. Safisha kwanza, linganisha baadaye. Namba za simu zihifadhiwe kwa muundo mmoja wa kimataifa, zikiwa na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, la sivyo namba moja itasomeka kama tatu.

Kadi zinatambuliwa kwa tarakimu nne za mwisho. Hizo hazitoshi kabisa. Tumia tokeni ya kudumu, yaani msimbo unaosimama badala ya namba ya kadi, inayotolewa na mtoa huduma wa malipo, ambayo haibadiliki kwa kadi ile ile, na wala hutakiwi kuhifadhi namba kamili. Kadi pepe, zile za mtandaoni zisizo na plastiki, hubadilika namba kila mara, lakini tarakimu 6 au 8 za mwanzo zinamtaja aliyeitoa. Akaunti 60 za majina tofauti, zote na kadi pepe za mtoaji mmoja ndani ya dakika tatu, hilo ni la kusimamisha na kuangalia.

Foleni iko kwenye tovuti, ila mlango unaotumiwa na programu ya simu hauiulizi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Walanguzi hawapambani na ukurasa wako mzuri. Wanasoma programu ya simu inaongea na seva kwa njia gani, kisha wanaongea nayo wao wenyewe. Toleo la zamani la huduma lililosahaulika likiwa hai, foleni yote imekuwa pambo. Kila ombi la kushika kiti lidai tokeni ya foleni iliyosainiwa na seva, iliyofungwa kwa akaunti moja, yenye muda wa kuisha, na isiyotumika mara mbili.

Foleni yenyewe: wote waliofika kabla ya saa ya kufungua wapangwe kwa kura, waliochelewa wafuate nyuma kwa mpangilio wa kufika. Ukimtanguliza wa kwanza kubofya, umeitanguliza programu. Utaratibu huo wa kura uutangaze, maana kama alivyosema aliyetangulia, Marekani kinacholindwa ni utaratibu uliotangazwa.

Na kuna boti ambazo hazinunui. Zinashika viti kikapuni, muda ukiisha zinaachia na kushika tena sekunde hiyo hiyo, huku mlanguzi akivitangaza kwingine na kulipia vile tu vilivyopata mteja. Orodha ya OWASP, shirika la usalama wa programu za mtandao, ya vitisho vya programu za kujiendesha inatenganisha mambo haya: ulanguzi ni OAT-005, kushikilia bidhaa bila kununua ni OAT-021. Dawa ni muda mfupi wa kikapu usioongezeka, na tiketi zilizoachiwa zisirudi sokoni papo hapo. Zirudishe kwa mafungu, kwa vipindi visivyotabirika.

Mlango_B

Asanteni sana. Kuna aliyependekeza tuzuie kwa anwani ya IP, kwamba anwani moja isinunue zaidi ya mara moja. Na kapcha, lile jaribio la kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, bado ina maana? Nasikia siku hizi zinatatuliwa kwa senti.

foleni_ndefu

IP peke yake usiiguse kama kikomo. Mitandao mingi ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, kwa hiyo utawafungia mashabiki halisi. Mlanguzi kwa upande wake anakodi proksi za majumbani, yaani anapitisha maombi kwenye mitandao ya nyumba za watu, kila ombi linatoka kwenye anwani tofauti. Matokeo yake umemzuia asiyehusika, mhusika kapita. Itumie IP kama dalili moja kati ya nyingi, na ihifadhi kama ushahidi.

Kapcha haizuii sana. Kuna huduma zinazowapa binadamu halisi wazitatue. Lakini usiitoe, na sababu ni ya kisheria kuliko ya kiufundi: ni kizuizi cha kiteknolojia kinachoonekana, na mtu aliyejenga kifaa cha kukikwepa hawezi kusema alipita mlango uliokuwa wazi. Weka pia njia mbadala ya sauti. Usimhesabu kuwa boti mtu asiyetumia kipanya. Wasioona hutumia kibodi na programu ya kusoma skrini, na mwenendo wao kwenye kumbukumbu unafanana mno na wa programu.

Uthibitisho kwa ujumbe wa simu unasaidia zaidi, ila una ufa wake. Kwenye hati za kesi za FTC utakutana na masanduku ya laini za simu, kifaa kimoja chenye laini nyingi kinachopokea misimbo yote. Kwa hiyo usithibitishe namba siku ya mauzo. Funga usajili saa 48 hadi 72 kabla, utazame namba zinazofuatana na akaunti zilizothibitishwa kwa mkupuo.

senti_ya_mwisho

Samahani kwa kumwaga maji baridi. Mnaongea kana kwamba sheria inafanya kazi kwa kuwapo tu.

Hebu tazameni rekodi. Sheria ya BOTS ilisainiwa 2016, na kesi za kwanza za FTC zilikuja Januari 2021, dhidi ya kampuni tatu za New York zilizodaiwa kununua tiketi zaidi ya 150,000. Faini iliyoandikwa ilizidi dola milioni 31. Iliyotakiwa kulipwa ni dola milioni 3.7, iliyobaki ikasimamishwa kwa kuwa hawakuwa na uwezo. Baada ya hapo kimya hadi 2025, ilipotolewa amri ya rais mwezi Machi ya kuitaka FTC iisimamie sheria kwa ukali, na kesi ikafuata Agosti dhidi ya Key Investment Group ya Maryland.

Kabla ya 2016 waendesha mashtaka walitumia sheria nyingine. Wiseguy Tickets walishtakiwa New Jersey mwaka 2010 kwa ulaghai wa mtandao na kuingilia kompyuta, zaidi ya tiketi milioni moja na faida ya zaidi ya dola milioni 25, kwa mujibu wa mashtaka. Walikiri makosa, na hukumu ikawa ya uangalizi, bila kifungo.

Na boti si ugonjwa wote. Ripoti ya mwanasheria mkuu wa New York ya Januari 2016 ndiyo iliyotoa mfano maarufu wa tamasha la U2: tarehe 8 Desemba 2014 dalali mmoja alinunua tiketi 1,012 za onyesho la ukumbi wa Madison Square Garden, New York, ndani ya dakika moja, ingawa kikomo kilikuwa 4. Kila mtu anaukumbuka mfano huo. Ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba kwa wastani ni asilimia 46 tu ya tiketi zilizokuwa zinawekwa kwa ajili ya umma. Zilizobaki zilikwenda kwa wadau wa ndani na mauzo ya awali ya makundi maalumu. Hilo halikumbukwi, maana hakuna boti ya kulaumu.

Ndiyo sababu nchi nyingine zimeacha kumfukuza mnunuzi, zikamgeukia muuzaji. Ireland, kwa sheria ya 2021, imekataza kuuza tena juu ya bei ya awali kwenye kumbi na matukio yaliyoteuliwa, na adhabu inafika euro 100,000 au kifungo cha miaka miwili. New South Wales, Australia, ilianza 1 Juni 2018 na ukomo wa asilimia 110 ya bei ya awali, ikiunganisha na marufuku ya boti. Japani, tangu 14 Juni 2019, inaadhibu kuuza bila idhini tiketi maalumu juu ya bei iliyowekwa: hadi mwaka mmoja jela, au yen milioni moja, au vyote viwili. Italia, kwa tiketi za matukio kwenye kumbi za zaidi ya watu 5,000, ilileta tiketi zenye jina la mwenye nazo. Na Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kupiga marufuku kuuza juu ya bei ya awali. Bei ya tangazo inaonekana na kila mtu. Programu iliyonunua inaonekana na seva moja tu.

kanuni_na_kikomo

@senti_ya_mwisho takwimu zako ni sahihi, na kuhusu bei sibishani nawe. Lakini swali lilikuwa la muuzaji anayefungua mfumo sasa, na yeye hatungi sheria ya bei. Tena si kila ukomo wa bei uliosimama: Ontario, Canada, ilitunga sheria mwaka 2017 yenye marufuku ya boti na ukomo wa asilimia 50 juu ya bei ya awali. Marufuku ikaanza Julai 2018. Ukomo wa bei ukasimamishwa kabla haujaanza, kisha ukafutwa.

Kuna hesabu nyingine ndani ya kesi ya Agosti 2025 inayomfaa muuliza swali. FTC inadai kwamba kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023 kampuni hiyo na washirika wake walinunua tiketi 379,776 kwa karibu dola milioni 57, na kuziuza nyingine kati ya hizo kwa karibu milioni 64. Ni madai, si hukumu. Ukigawanya pengo hilo kwa tiketi zote, unapata kama dola 18 kwa tiketi, kabla ya kulipia proksi, laini za simu, akaunti za kununua na mishahara. Ni faida nyembamba. Kila kizuizi kinachoongeza dola mbili tatu kwa kila tiketi kinauma, hata kama hakizuii kabisa. Ndiyo maana hatua alizozitaja foleni_ndefu zina maana hata pale zinapopenyeka.

Sasa vijana ishirini. Hapa nchi zinaachana njia.

Uingereza lazima pawe na programu. Wakibofya kwa mkono, kanuni za 2018 haziwagusi. Lakini hawajapona. Mwaka 2020 mahakama ya Leeds iliwatia hatiani wafanyabiashara wawili wa tiketi kwa ulaghai na kuendesha biashara kwa udanganyifu, kwa sababu walitumia utambulisho wa watu wengi na boti kununua, wakawaficha wateja kwamba tiketi hizo zingeweza kufutwa. Kosa liliegemea kwenye uongo, na uongo hauhitaji programu. Mmoja alipata miaka minne. Masharti ya mauzo ya wauzaji wa awali yalikuwa kiini cha kesi.

Ulaya nukta ya 23a inasema "njia ya kujiendesha". Kwa mkono haimo. Korea Kusini vilevile: mabadiliko ya Machi 2024 yalilenga kuuza tiketi zilizonunuliwa kwa programu za makro, yaani zinazorudia mibofyo zenyewe.

Marekani ndiko kwenye ubishi. Jina la sheria lina neno BOTS, lakini kifungu cha marufuku hakidai kwamba programu iwe imetumika. Kinasema kukwepa kizuizi. FTC inasoma hivyo. Ndiyo maana kwenye kesi ya Maryland inataja akaunti maelfu, kadi pepe, anwani za IP zilizofichwa na masanduku ya laini, na mfano wa tamasha moja la Taylor Swift huko Las Vegas tarehe 25 Machi 2023: akaunti 49, tiketi 273, kikomo 6. Kampuni yenyewe iliwahi mahakamani mwezi Julai, kabla haijashtakiwa, ikidai kwamba haitumii boti na kwamba sheria ilitungwa kwa ajili ya boti peke yake. Kwa maandishi yalivyo, naona FTC ina hoja nzito zaidi, ila mimi si jaji.

Na Septemba 2025 ikaja kesi ya FTC pamoja na majimbo saba dhidi ya Live Nation na Ticketmaster. Sehemu ya madai ni kwamba muuzaji mwenyewe alifumbia macho madalali: madalali watano wakiwa na akaunti 6,345 na tiketi 246,407. Haya nayo ni madai. Lakini kwa mwenye kufungua mfumo, funzo la kiutendaji ni rahisi. Usiandike kikomo usichokusudia kukisimamia, na kama una huduma ya kuuza tena ndani ya mfumo wako, kikomo kile kile kihakikiwe na huko. Anayeleta tiketi 40 za onyesho lenye kikomo cha 4 amejitangaza mwenyewe.

daftari_la_seva

Swali la kumbukumbu halijajibiwa, na ndilo linaloharibu kesi nyingi kabla hazijaanza.

Kwa kila agizo hifadhi: muda kwa UTC hadi milisekunde, saa za seva zote zikiwa zimelinganishwa; akaunti na tarehe ilipofunguliwa; anwani ya IP na namba ya mlango wa mtandao (bila hiyo namba, kampuni ya simu haiwezi kusema ni mteja yupi kati ya wanaoshiriki anwani); alama za kivinjari au kifaa; tokeni ya kadi; tokeni ya foleni na nafasi iliyotolewa; matokeo ya kapcha; na kikomo kilichokuwa kinatumika dakika ile. Hicho cha mwisho husahauliwa. Kikomo kikibadilishwa kutoka 4 hadi 6 katikati ya mauzo na toleo la zamani likafutwa, hutaweza kuthibitisha ni kipi kilivunjwa.

Hifadhi pia ukurasa wenyewe wa tukio kama ulivyoonekana, pamoja na toleo la masharti lililokubaliwa, kila moja likiwa na alama ya hashi, yaani msimbo unaobadilika maandishi yakiguswa. Maombi yaliyokataliwa yana thamani kuliko yaliyofaulu: akaunti iliyogonga kikomo mara 30 kisha ikafuatiwa na akaunti nyingine 30 kutoka kifaa kile kile inaonyesha kwamba mtu alikijua kikomo na akaamua kukizunguka. Wengi hufuta maombi yaliyokataliwa baada ya siku saba ili kuokoa nafasi. Usifanye hivyo.

Nakala moja iwe mahali pasipoandikwa juu yake. Muda: Marekani madai ya faini ya kiraia yana ukomo wa miaka 5, kwa hiyo rekodi zilizotiliwa shaka zisipungue hapo. Kwa wateja wa Ulaya huwezi kuhifadhi kila kitu cha kila mtu miaka mitano kwa kisingizio hicho. Tenganisha: kumbukumbu za kawaida muda mfupi, zilizofungiwa uchunguzi muda mrefu, na sababu iandikwe kwenye sera ya faragha.

Kufuta tiketi: usiache mashine ifute peke yake. Ulaya, uamuzi wenye athari kubwa kwa mtu uliofanywa na mashine tupu una masharti yake chini ya kanuni za ulinzi wa data, na hata bila hayo familia ya watu sita wanaotumia mtandao mmoja wa nyumbani inafanana na mlanguzi mdogo. Simamisha, tuma taarifa, toa saa 72 za kujieleza, binadamu aamue, rudisha fedha, kisha tiketi zirudi kwenye foleni. Na haki hiyo ya kufuta iwe imeandikwa kwenye masharti tangu mwanzo.

Mlango_B

Nimeelewa, na sentensi ya marufuku itaandikwa upya kesho. Moja la mwisho: mtaalamu wa usalama akitaka kuujaribu mfumo kwa boti yake kabla ya kufungua, hawi mvunja sheria?

kanuni_na_kikomo

Hapana. Sheria ya Marekani ina msamaha wa wazi kwa kuunda au kutumia programu ili kuchunguza ukiukaji au kutafiti udhaifu wa mifumo. Uingereza hana nia ya kupita kikomo kwa faida, na Ulaya hauzi tiketi. Lakini mpe barua ya idhini yenye tarehe, anwani za IP atakazotumia na onyesho la majaribio lisilouzwa kwa umma, kwa sababu sheria za kuingilia kompyuta ni kitabu kingine.

foleni_ndefu

Na mwambie aanze na mlango wa programu ya simu, toleo la zamani kuliko yote ambalo bado linajibu.